Tenshena ya mkono kwenye taimingi cheni: inafungwaje, na inakazwa mpaka wapi?

Spana Kumi

Wakuu, habari za majukumu.

Pikipiki ni cc 150, silinda moja, valvu mbili, kamu (shafti inayofungua valvu) iko juu kwenye hedi. Tenshena (kikazio) ya taimingi cheni, ile ya ndani inayotoka krenki kuzungusha kamu, imekaa mgongoni mwa silinda, chini ya kabureta, imeshikwa na bolti mbili za M6. Kelele ni ya kukwaruza, krrr krrr, injini ikiwa sailensi (inawaka bila kuvuta resi). Ukivuta resi inafifia, ukiachia ghafla inarudi kwa nguvu. Tenshena ya kujikaza yenyewe imebadilishwa mara mbili ndani ya mwaka. Kila mpya inanyamazisha injini wiki mbili tatu, kisha yaleyale.

Sasa kuna tenshena ya mkono: kipande cha aluminiamu chenye bolti ndefu ya M8 katikati na nati ya kuloki kwa nje. Haina springi, haina meno. Ninachotaka kujua ni hiki: injini iwe kwenye hali gani wakati wa kubadilisha ili cheni isiruke? Bolti inaingia kiasi gani, kwa kipimo, maana "kaza kidogo" ya kila fundi ni tofauti? Inakazwa injini ikiwa baridi au ya moto? Na baada ya hapo inaangaliwa kila baada ya kilomita ngapi?

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Topu

Mkuu, tenshena mbili kufa ndani ya mwaka mmoja ni dalili kwamba mgonjwa huenda si tenshena. Cheni ikishalika, tenshena mpya inatoka mpaka mwisho wa urefu wake na haina tena cha kusukuma. Ukiweka ya mkono utakuwa umepata bolti ndefu zaidi ya kuibana cheni iliyokwisha. Kelele itanyamaza, cheni itaendelea kufa kimyakimya, na hiyo ni mbaya kuliko kelele.

Kuna njia ya kujua bila kufungua hedi. Tenshena ya racheti, yaani ya kujikaza yenye meno, ina bolti ndogo au kofia katikati, na nyuma yake springi. Toa hiyo kofia na springi yake kwanza, ndipo ufungue zile bolti mbili za M6. Ukifuata mpangilio huo pini ya tenshena inayoisukuma cheni inabaki palepale ilipokuwa imefika, kwa sababu hakuna kinachoisukuma nje na meno hayairuhusu kurudi ndani. Pima kwa venia kutoka uso wa flanji hadi ncha ya pini, andika. Kisha ivute pini mpaka mwisho wake, pima tena. Kama ilikuwa imebakiza milimita mbili tatu tu, acha habari ya tenshena, nunua cheni. Wengi wanaanza na bolti mbili, springi inaifyatua pini yote nje, na kile kipimo hakipatikani tena.

Cheni ikiwa tayari iko mkononi hesabu ni rahisi. Nyingi za pikipiki ndogo zina pitchi (toka pini moja ya cheni hadi inayofuata) ya milimita 6.35, kwa hiyo pitchi 20 (toka pini ya kwanza hadi ya 21) ni milimita 127 ikiwa mpya. Vitabu vya ufundi vya Kawasaki kwa cheni za namna hiyo vinaweka kikomo cha 128.9. Ivute inyooke kabla ya kupima, na pima sehemu tatu tofauti, kwa sababu cheni hailiki sawasawa mwili mzima. Na ukibadilisha cheni angalia sproketi na reli za plastiki zinazoiongoza cheni. Reli yenye mifereji miwili mirefu iliyochimbwa na cheni bado ina maisha. Iliyofika kwenye chuma chake haina.

Hakikisha pia kelele ni ya cheni kweli. Weka bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha kwenye ukuta wa silinda upande wa handaki la cheni, halafu uhamishie kwenye kava ya tapeti. Tapeti zinagonga kwa mpigo uliohesabika, tik tik tik, na zinafuata resi bila kubadilika tabia. Pistoni iliyolegea inapiga zaidi injini ikiwa baridi na inapoa makali ikipata moto. Cheni inakwaruza bila mpangilio, na inajitangaza unapoachia resi. Maelezo yako yanafanana na cheni.

Na kwa wengine watakaopita hapa: injini za mtindo wa Honda CG125, zilizojaa kwenye pikipiki nyingi za Kichina, hazina taimingi cheni kabisa. Kamu iko chini, inazungushwa na gia, na valvu zinasukumwa na fimbo mbili. Anayekuuzia tenshena ya injini hiyo anakuuzia pambo.

Krenki na Kamu

Nakubaliana na Mzee. Tuchukulie cheni ni nzima, nijibu swali la kufunga.

Injini iwe topu ya kubana, yaani pistoni juu kabisa mwisho wa mpigo wa kubana, hakuna mjadala. Pale valvu zote mbili zimefunga na hakuna springi ya valvu inayoisukuma kamu. Ukitoa tenshena huku pua ya kamu imekandamiza valvu, springi ile inaweza kuirusha kamu mbele, na cheni iliyolegea inaruka. Kwa sproketi ya kamu yenye meno 36, jino moja ni digrii 10 za kamu, yaani digrii 20 za krenki. Jino moja pikipiki itawaka lakini haina nguvu na inachemka. Yakizidi, valvu inakutana na pistoni.

Kuipata topu: toa plagi. Kwenye kava ya magneti kuna vifuniko viwili, kikubwa cha katikati cha kupitishia soketi ya nati ya krenki, na kidogo cha kuchungulia alama. Injini nyingi zenye magneti kushoto huzunguka kinyume cha saa ukizitazama upande huo. Kama huna uhakika, weka gia ya juu, zungusha tairi la nyuma kwenda mbele, uone krenki inaelekea wapi. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba na zungusha. Upepo ukianza kusukuma kidole, huo ndio mpigo wa kubana. Endelea polepole mpaka alama ya T ikutane na kialama cha kwenye kava. Iwe T, siyo F. F ni alama ya plagi kuwasha moto, inatangulia T kidogo, na wengi wanasimama hapo wakidhani wamefika. Fungua vifuniko vya tapeti utikise roka zote mbili (mikono inayosukuma valvu): lazima kila moja iwe na uchezaji mdogo. Kama zimebana, uko topu ya kutoa moshi, ongeza raundi moja kamili.

Ukipitiliza alama usirudi nyuma. Krenki inapokwenda mbele inavuta cheni upande wa ekzosi, na ulegevu wote unakusanyika upande wa nyuma, ndiyo maana tenshena ikawekwa huko. Ukirudisha krenki unauhamisha ulegevu, na kama tenshena haipo, cheni inaweza kupanda jino kwenye sproketi ndogo ya chini ambayo huioni. Zungusha mbele raundi mbili uje tena.

Kabla ya kufungua chochote, safisha mgongo wa silinda kwa brashi na petroli kidogo, kausha. Pale ndipo vumbi la barabarani linapotuama na tope la tairi linapokaukia. Mchanga ukiingia kwenye handaki la cheni unateremka hadi kwenye oili, na utakutana nao tena kwenye pampu. Kama kabureta inazuia mkono, toa kabureta. Kuhangaika na spana kwenye upenyo wa vidole viwili ndiko kunakomaliza vichwa vya bolti.

Springi kwanza, kama Mzee alivyosema, halafu bolti mbili kwa zamu, robo raundi huku, robo raundi kule. Na hili liandikwe ukutani gereji: tenshena ya racheti ukishailegeza bolti zake bila kutoa springi, usizikaze tena ukadhani umeirudisha ilivyokuwa. Pini imeshatoka jino moja au mawili na hairudi. Ukikaza bolti unaisukuma tenshena nzima kwenye cheni, na cheni inakuwa kama uzi wa zeze. Lazima itolewe, pini irudishwe ndani, ifungwe upya. Ndiyo chanzo cha injini nyingi zinazoanza kuvuma baada ya "kuangaliwa tu".

Tundu likiwa wazi, kiki na starta zisiguswe.

Sasa ile ya mkono. Itazame ncha ya bolti kabla ya kitu kingine. Pini ya zamani ina kichwa kipana, pengine milimita 10, kinachokaa kwenye kikalio cha nyuma ya reli. Bolti ya M8 iliyokatwa kwa msumeno ina ncha yenye ukingo mkali, na itachimba reli mpaka itengeneze tundu. Kila ikichimba, ulegevu unarudi, na wewe unaongeza kukaza. Ncha iwe imelainishwa na kuviringwa kidogo, imegumishwa, au iwe na kofia inayozunguka yenyewe. Pitisha pia kidole kwenye tundu la tenshena, sukuma reli: iende mbele na kurudi bila kukwama. Linganisha urefu vilevile: bolti ikiingia yote, lazima ifike mbele zaidi ya kile kipimo ulichochukua kwenye pini ya zamani, na bado ibaki na nyuzi za kutosha kushika nati ya kuloki.

Rudisha bolti ya M8 nyuma kabisa ili ncha isiguse kitu wakati wa kufunga. Weka gasketi mpya ya karatasi. Silikoni ukiitumia iwe utando tu, kwa sababu inayofinyikia ndani inaishia kwenye chujio la oili. Bolti za M6 kwenye aluminiamu zinatosha nyutoni mita 10. Kisha ingiza bolti ya M8 kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, mpaka ikatae. Hakuna spana hapa. Rudisha nusu ya robo raundi, loki nati bila kuivuta sana.

Zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili, ambazo ni raundi moja ya kamu. Ikigoma mahali kwa ugumu wa chuma kwa chuma, simama, usilazimishe: cheni imeruka. Ikipita, rudi kwenye T ya kubana na uangalie alama ya sproketi ya kamu imelingana na ukingo wa hedi. Ndipo urudishe plagi.

Resi Ndogo

Nimalizie alipoishia Krenki, maana kukaza ndiko wengi wanakoharibia.

Bolti ya M8 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.25. Raundi moja inaisogeza ncha milimita 1.25, robo raundi milimita 0.31, nusu ya robo milimita 0.16 hivi. Kama yako ni M6, hatua ni milimita 1, robo ni 0.25. Kipimo cha kazi hii ni nusu ya robo. Anayezungumzia "raundi moja zaidi" anazungumzia injini nyingine.

Kwa nini Krenki karudisha kidogo ikiwa baridi? Silinda na hedi ni aluminiamu, cheni ni chuma. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua injini ambayo toka krenki hadi kamu ni milimita 300, ipashe moto digrii 80: aluminiamu inaongezeka milimita 0.55, chuma milimita 0.29. Tofauti ni robo milimita, na yote inakwenda kuikaza cheni. Tenshena ya springi inarudi nyuma au inameza ile nguvu. Bolti hairudi, inasimama kama nguzo, na kinachoumia ni reli, cheni na vikalio vya kamu kwenye hedi. Kwa hiyo injini yenye tenshena ya mkono ikiwa kimya kabisa asubuhi ikiwa baridi, mimi nawasiwasika. Mkwaruzo mwepesi wa dakika ya kwanza au mbili ni haki yake.

Kuseti kwenyewe kunafanyika injini ikiwa ya moto. Endesha dakika 10 hadi 15, siyo kuichemsha ikiwa imesimama. Isimamishe kwenye dabo stendi, gia nyutro, iache sailensi. Chora mstari kwa kalamu ya rangi kwenye kichwa cha bolti na kwenye kipande cha tenshena, ili ujue ulikotoka. Shika bolti kwa ufunguo wake wa L, legeza nati ya kuloki. Toa bolti nusu ya robo kwa mara moja, sikiliza kwa bisibisi. Kelele ikianza, simama. Sasa ingiza kidogokidogo mpaka mkwaruzo upotee, vuta resi hadi mizunguko 3,000 hivi uachie ghafla mara mbili tatu. Ikirudi pale unapoachia, ongeza nusu ya robo moja. Ikinyamaza, umefika. Usiongeze ya "usalama". Usalama wa tenshena ya mkono uko kwenye nati, siyo kwenye kubana.

Mpaka wa kurudisha nyuma injini ikiwaka uwe nusu raundi toka kwenye mstari wako. Kama umerudi nusu raundi na kelele haijaanza, zima, maana ama ilikuwa imebanwa vibaya tangu mwanzo, ama sikio halisikii kwa sababu ya ekzosi iliyotobolewa. Rudia kwa vidole ikiwa imezimwa, topu ya kubana.

Dalili za kubana kupita kiasi ni mvumo unaopanda na resi, kama filimbi ya mbali, na unausikia zaidi injini ikiwa ya moto. Ukimwaga oili utaona chembe nyeusi au za kahawia za plastiki: hiyo ni reli inayosagwa. Chembe hizo zinakwenda kwenye chujio la chini la oili, zinaziba, na kamu ndiyo iliyo mbali zaidi na pampu kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukosa. Cheni iliyolegea kidogo inapiga kelele na kukupa muda wa kuirekebisha. Iliyobanwa sana haikuambii kitu.

Kijiwe cha Kati

Nitapingana kidogo na wakuu. Swali halijaulizwa: pikipiki hii inafanya kazi gani? Kama ni ya abiria, anayekimbia kilomita 120 kwa siku anamaliza kilomita 3,000 ndani ya siku 25. Tenshena ya mkono inataka iangaliwe baada ya kilomita 500 za mwanzo, halafu kila mwaga-oili. Je, anayeiendesha ataiangalia? Kama hapana, mwekee cheni mpya na tenshena ya kujikaza ya kiwandani, isiyo ya kuiga, uachane na hii biashara. Ya mkono inafaa mtu mwenye sikio na spana. Kwa mwenye kungoja ipige kelele ndipo alete, inafupisha maisha ya injini.

Halafu tusichanganye majina. Kuna tenshena za mkono za aina tatu na hazisetiwi sawa. Hii ya bolti tupu ndiyo moja. Ya pili ni kama ya Yamaha XT500 na SR500: ukitoa kofia unakuta nati ya kuloki, kirekebishaji chenye tundu, na ndani yake kifimbo kinachosukumwa na springi. Injini ikiwa sailensi kifimbo kinacheza ndani na nje kidogo, na unazungusha kirekebishaji mpaka ncha ya kifimbo ilingane na uso wa kirekebishaji. Huhitaji sikio, macho yanatosha, na springi bado ipo ya kumeza moto. Ya tatu ni ya Honda za zamani, mfano CB750 za kamu moja: unalegeza nati na bolti ya kuloki, springi ya ndani inaisukuma reli yenyewe, unakaza. Bolti ile haikazi cheni, inashikilia tu. Anayeizungusha kwa nguvu akidhani anaongeza mkazo anaikata, na kipande kinabaki ndani.

Na kama tenshena ya asili ilikuwa ya oili, yaani kuna kitundu cha oili kwenye uso wa flanji, hakikisha kipande kipya kinakiziba. Kisipozibwa unamwaga presha ya oili kwenye handaki la cheni.

Spana Kumi

Shukrani sana wakuu, mmeeleweka. Pini ya zamani ilipimwa: ilikuwa imebakiza milimita 1 kufika mwisho. Cheni imetolewa, pitchi 20 zimesoma 129.2. Imewekwa cheni mpya na reli ya nyuma mpya, na tenshena ya mkono kwa sababu ilishanunuliwa. Pikipiki ni ya kutembelea, siyo ya abiria.

Mambo matatu yamebaki. Baridi inakwaruza kidogo, moto iko kimya, lakini kuanzia mizunguko kama 4,000 kuna mvumo. Pili, kila ninapokaza nati ya kuloki, bolti nayo inazunguka kidogo. Tatu, oili inavuja kupitia nyuzi za bolti, siyo kwenye gasketi.

Resi Ndogo

129.2 ilikuwa imepita kikomo, kwa hiyo zile tenshena mbili ulizozitupa huenda zilikuwa hazina kosa.

La kwanza na la pili ni jambo moja. Nati inapokazwa inaiburuta bolti kuzunguka, kwa upande wa kuingia. Ikiburutwa nusu ya robo tu umeongeza milimita 0.16 ambayo hukuikusudia, na huo ndio mvumo wako. Ufunguo wa L ubaki kwenye bolti, mkono wa kushoto umeushikilia usitikisike, mkono wa kulia unakaza nati kwa ringi spana. Ukimaliza angalia ule mstari wa rangi: kama umehama, fungua urudie.  Kaza kiasi cha mkono mfupi. Nyuzi za aluminiamu zikivutwa sana zinatoka zote na bolti.

Legeza nusu ya robo ikiwa ya moto, usikilize saa ileile. Mvumo ukiondoka na mkwaruzo usirudi unapoachia resi, loki hapo. Usipoondoka, angalia mahali pengine kabla ya kuendelea kulegeza: gia ya msingi ya klachi na beringi za krenki nazo huvuma. Tofauti yake ni kwamba ukibana klachi, sauti ya gia hubadilika. Ya cheni haibadiliki.

Cheni mpya pia inalegea kidogo mapema. Irudie ikifika kilomita 300, usingoje 500.

Krenki na Kamu

La oili: toa nati, futa nyuzi kwa kitambaa chenye petroli, weka washa ya shaba au ile yenye mpira wa ndani kati ya nati na kipande cha tenshena. Baadhi ya tenshena za mkono zina mfereji wa o-ringi kwenye bolti. Kama upo na hauna kitu, o-ringi ya saizi yake ndiyo dawa. Utepe mweupe wa mabomba usiuweke, vipande vyake vinaingia ndani. Gundi ya kushika nyuzi nayo siyo ya hapa, maana bolti hii utaigusa tena.

Washa ikiingia, nati inakaa mbali zaidi, kwa hiyo hesabu nyuzi: zibaki angalau mbili zinazochungulia nje ya nati.

Pwani Raida

Samahani kwa kudandia. Hayahaya yanafaa Honda Firestorm? Tenshena za mkono mbili ziko mezani, na je, mwenye CBR ya silinda nne naye afuate hatua hizi?

Mzee wa Topu

Firestorm, yaani VTR1000F ya 1997 hadi 2005, ndiyo pikipiki iliyofanya watu wengi duniani wanunue tenshena za mkono. Ni injini ya V ya digrii 90, silinda mbili, cc 996, kila silinda ina cheni yake na tenshena yake. Springi ya tenshena ya kiwandani ikikatika, pini inarudi ndani, cheni inaruka, na valvu zinagonga pistoni. Mara nyingi haitoi onyo la maana. Kwa hiyo sababu yako ya kubadilisha ni tofauti na ya Spana Kumi: hufuati kelele, unaondoa springi isije ikakatika.

Hatua ni zilezile, ila silinda moja kwa wakati. Weka ya mbele kwenye topu yake ya kubana, alama FT, badilisha, funga, loki. Zungusha mbele mpaka ya nyuma ifike topu yake ya kubana, alama RT, ndipo uguse ya nyuma. Usitoe zote mbili pamoja hata kama nafasi inakushawishi. Toa plagi zote mbili, kwa sababu injini ile ina mbano mkubwa na ikikataa kwa mkono inaruka ghafla ikipita topu, na mruko ule ndio unaopandisha cheni jino. Kwenye kuseti, bisibisi iguse silinda unayoiseti tu. Sauti ya nyingine inakudanganya. Ukishaloki ya mbele usiirudie kwa sababu umesikia kitu wakati wa kuseti ya nyuma.

Silinda nne ni habari nyingine. Hakuna mahali ambapo valvu zote zimefunga kwa pamoja: silinda ya kwanza ikiwa topu ya kubana, nyingine zina pua za kamu zilizolalia valvu, na kamu zinataka kuzunguka. Kwenye injini hizo toa kava ya hedi kabla ya tenshena. Weka alama za kitabu cha injini husika, kisha funga cheni kwenye kila sproketi ya kamu kwa tai za plastiki, mbili kila sproketi. Zikate zote baada ya tenshena mpya kukazwa kwa vidole na kabla ya kuzungusha krenki hata nukta moja. Zihesabu zikiwa nne mezani kabla ya kufunga kava, pamoja na vipande vya mikia uliyokata.